Mzee wa Stoo Ana Miaka 57, Wewe Una 30: Mbona Mmechagua Mfuko Mmoja?

Jumapili moja mwezi uliopita nilienda kumtembelea binamu yangu Manyatta, upande ule wa kuelekea Kondele. Alikuwa anakaanga omena, na fomu ya kazini ilikuwa imekunjwa mara nne, imesukumwa chini ya meko ili meko isiyumbe. Niliitoa ili niisome, nikaweka kipande cha kadibodi mahali pake.

Ilikuwa fomu ya pensheni. Kampuni yao, ambayo iko mjini Kisumu, ina mpango wake wa kustaafu, mbali na NSSF. Binamu yangu anapata shilingi 30,000 kwa mwezi. Anakatwa asilimia 5, yaani 1,500, na kampuni inamwongezea 1,500 nyingine. Mwaka huu wameambiwa kila mfanyakazi achague mwenyewe pesa zake ziwekezwe wapi. Visanduku vilikuwa vitatu: mfuko wa tahadhari, mfuko wa wastani na mfuko wa ukuaji. Yeye alikuwa ameweka tiki kwenye tahadhari.

"Dada, mbona hii?" nikamuuliza.

"Omera, mimi najua nini? Nilimuuliza mzee wa stoo. Yeye amekaa pale miaka mingi. Nikaweka kama yake."

Mzee wa stoo ana miaka 57. Binamu yangu ana 30.

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoajiriwa kazi yangu ya kwanza baada ya chuo nilisaini karatasi zote za siku ya kwanza kwa dakika tano. Kati yake kulikuwa na fomu ya pensheni ambayo sikumbuki hata ilikuwa na rangi gani. Digrii ninayo, tena ya masoko, lakini hakuna somo hata moja lililonifundisha kuchagua mfuko wa pensheni. Kwa hiyo makala haya nimeyaandika kwanza kwa ajili ya binamu yangu, halafu kwa ajili yako wewe unayepokea mshahara kwa simu na kuona makato ambayo hujui yanaenda wapi.

Pesa zako zinakaa kwa nani?

Tuanze na NSSF, maana hiyo karibu kila aliyeajiriwa anakatwa. Kwa miaka mingi makato yalikuwa shilingi 200 kutoka kwako na 200 kutoka kwa mwajiri, awe bosi awe mfagiaji. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, na ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Sasa unakatwa asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango fulani, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho. Viwango vimekuwa vikipanda kila Februari. Kwa viwango vya Februari 2025, shilingi 8,000 za kwanza za mshahara wako zilikuwa daraja la kwanza, na kuanzia hapo hadi 72,000 lilikuwa daraja la pili. Kwa viwango hivyo, mtu wa mshahara wa 30,000 alikatwa 1,800: shilingi 480 za daraja la kwanza na 1,320 za daraja la pili. Mwajiri aliweka 1,800 nyingine juu yake.

Daraja la kwanza lazima liende NSSF. La pili linaweza kupelekwa kwenye mpango binafsi uliosajiliwa, iwapo mwajiri ameomba na kukubaliwa na RBA, ile mamlaka inayosimamia mipango yote ya kustaafu nchini. Wengi hawajui hili. Unaweza kuwa unalalamikia NSSF kwenye matatu kila siku, kumbe sehemu kubwa ya makato yako ilishahamishiwa kwingine. Muulize mtu wa HR swali moja tu: "Daraja langu la pili linaenda wapi?"

Sasa tuje kwenye mpango wa kampuni, kama ule wa binamu yangu. Watu hudhani pesa zile ziko kwenye akaunti ya bosi. Haziko huko, na hazitakiwi kuwa huko. Kisheria mpango una wadhamini, na baadhi yao huchaguliwa na ninyi wafanyakazi wenyewe. Wadhamini huajiri meneja wa uwekezaji, ambaye ndiye anaamua kununua hiki na kuuza kile. Halafu kuna benki ya kutunza mali, inayoshika pesa na hati zenyewe. Kuna pia msimamizi wa kumbukumbu, anayejua kwamba hizi ni za Achieng na zile ni za Otieno. Kazi hizi zimegawanywa makusudi, ili anayeamua kununua asiwe ndiye anayeshika kikapu. Ni kama chama chenu tu: mwenye funguo za sanduku si yule anayeandika daftari.

RBA pia imeweka mipaka. Mpango hauwezi kuweka zaidi ya asilimia 70 ya mali yake kwenye hisa za soko la Nairobi, wala zaidi ya asilimia 30 kwenye ardhi na majengo, wala zaidi ya asilimia 15 nje ya nchi. Hati fungani za serikali zinaruhusiwa hadi asilimia 90. Na ukiangalia pensheni zote za Kenya kwa jumla, sehemu kubwa kuliko nyingine zote iko kwenye hizo hati za serikali.

Kwenye mipango mingi hapa kwetu, wadhamini huwachagulia wanachama wote kwa pamoja. Kwenye baadhi, kama wa binamu yangu, unapewa fomu uchague. Hata kama hujapewa fomu, soma tu, kwa sababu kuna mambo mengine utakayoamua wewe.

Hayo majina yana maana gani?

Hati fungani ni mkopo. Serikali inakopa kwako, inakulipa riba kila baada ya miezi sita, na mwisho inarudisha pesa yako. Huenda unakumbuka M-Akiba ya mwaka 2017, ile hati ya serikali uliyoweza kununua kwa simu kuanzia shilingi 3,000, yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. Kama uliinunua, basi tayari ulishafanya kwa udogo kile meneja wa pensheni anachofanya kwa mamilioni.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Kampuni ikifanya vizuri unapata gawio na bei inapanda. Ikifanya vibaya unaumia pamoja nayo.

Mfuko wa tahadhari huwa na hati nyingi za serikali na amana za benki, hisa kidogo sana au hakuna. Mfuko wa ukuaji huwa na hisa nyingi zaidi. Wastani uko katikati. Majina hutofautiana kutoka mpango hadi mpango, kwa hiyo usiishie kwenye jina. Omba karatasi inayoonyesha asilimia ngapi iko wapi. Nimeona "wastani" wa mpango mmoja ambao ungepita kuwa "tahadhari" kwa jirani yake.

Kuna mgawanyo mwingine unaochanganya watu zaidi ya huu. Mipango mingine iko kwenye mfuko wa dhamana, unaoendeshwa na kampuni ya bima. Hapo bima inakuahidi faida isiyoshuka chini ya kiwango fulani, kwa mfano asilimia 4 kwa mwaka, hata soko likianguka. Mwaka mzuri inaweza kutangaza zaidi, lakini haikupi yote iliyopata. Inabakisha kidogo ili iweze kukulinda mwaka mbaya. Mipango mingine iko kwenye mfuko uliotengwa, ambapo soko likipanda unapanda nalo na likishuka unashuka nalo.

Neno "dhamana" ni tamu masikioni. Mama yangu angelichagua kabla hujamaliza sentensi. Lakini kumbuka Oktoba 2022, mfumko wa bei Kenya ulipofika asilimia 9.6. Mtu aliyepata asilimia 4 mwaka ule aliona namba kwenye taarifa yake imekua, ila ungempeleka Kibuye na pesa hizo angerudi na kikapu chepesi kuliko mwaka uliotangulia. Hakupoteza shilingi hata moja, na bado alikuwa amepoteza.

Kwa upande mwingine, mwaka huohuo wa 2022 soko la hisa la Nairobi lilianguka vibaya, na mifuko iliyotengwa yenye hisa nyingi ikaumia. Waliokuwa kwenye dhamana walilala usingizi. Halafu mwaka 2024 soko likapanda kwa kishindo. Aliyekimbia mwishoni mwa 2023 alikuwa ameuza kwenye bei ya chini, na hakuwepo bei ziliporudi.

Umri wako kwanza

Nilichukua kalamu, nikageuza ile fomu, nikaandika nyuma yake. Binamu yangu ana miaka 30 na atastaafu akiwa na 60. Shilingi 3,000 zinaingia kila mwezi kwa miaka 30. Tuache kwanza kwamba mshahara utapanda.

Faida ikiwa asilimia 5 kwa mwaka, ataishia na takriban milioni 2.5. Faida ikiwa asilimia 9, ataishia na takriban milioni 5.49. Pesa aliyotoa yeye na kampuni ni ileile, milioni 1.08. Tofauti ya karibu milioni tatu imetoka kwenye kisanduku alichowekea tiki, na kwenye miaka.

Hizo asilimia ni mfano wangu tu, hakuna anayeweza kukuahidi asilimia 9 kwa miaka 30. Akitokea wa kukuahidi, shika simu yako vizuri. Lakini hesabu yenyewe ni ya kweli, na inaonyesha kwa nini mtu wa miaka 30 anaweza kuvumilia mfuko unaopanda na kushuka. Soko likianguka akiwa na 33, ana miaka 27 ya kusubiri lipande. Tena, katika miaka hiyo mibaya mchango wake wa kila mwezi unanunua hisa kwa bei ya chini. Ni kama kununua mahindi wakati wa mavuno.

Mzee wa stoo hana miaka 27. Ana mitatu. Tuseme ana milioni 1.8, na nusu yake iko kwenye hisa. Hisa zikishuka asilimia 30 mwaka wake wa mwisho, mfuko wake unashuka asilimia 15. Hiyo ni shilingi 270,000 zimeondoka, na barua ya kustaafu iko mezani. Kwake yeye tahadhari ni akili kabisa. Alichagua vizuri, na alimshauri binamu yangu kwa moyo safi. Kosa lilikuwa kwamba hakuna kati yao aliyeuliza jibu hilo ni la umri gani.

Kuna mipango inayokuhamisha yenyewe: ukiwa kijana unakaa kwenye ukuaji, ukikaribia kustaafu unasogezwa pole pole kuelekea tahadhari. Marekani mipango ya namna hii ilienea sana baada ya sheria ya mwaka 2006 kuruhusu waajiri kuwaweka humo wafanyakazi wasiochagua kitu. Uingereza nako, tangu 2012 waajiri walipoanza kulazimika kuwaandikisha wafanyakazi moja kwa moja, wengi sana hubaki kwenye mfuko waliowekwa siku ya kwanza. Kama mpango wenu una chaguo linalofuata umri, na wewe si mtu wa kufuatilia mambo haya kila mwaka, mimi ningechukua hilo bila kuona haya.

Si sisi peke yetu tunaochanganyikiwa

Hapa nitapumzika kidogo na habari za watafiti, maana zilinifariji. Mwaka 2001 Shlomo Benartzi na Richard Thaler walionyesha kwamba wafanyakazi wengi Marekani hugawa pesa sawasawa kwenye mifuko yoyote wanayopewa. Wakipewa mingi ya hisa, wanaishia na hisa nyingi. Wakipewa mingi ya hati fungani, wanaishia na hizo. Yaani hawachagui mfuko, wanafuata umbo la fomu. Miaka mitatu baadaye Sheena Iyengar na wenzake wakaona kwamba mifuko ikiongezeka kumi kwenye orodha, idadi ya wanaojiunga inapungua kwa asilimia 1.5 hadi 2 hivi. Watu wanaona orodha ndefu, wanasema "nitarudi kesho", na kesho haiji. Kumbe fomu chini ya meko si ya Manyatta tu.

Halafu kuna ugonjwa wa kupenda unachokijua. Kampuni ya Enron ilipoanguka Marekani mwaka 2001, wafanyakazi wake wengi walikuwa wamejaza akiba zao za uzeeni hisa za Enron yenyewe. Wakapoteza kazi na uzee kwa mara moja. Usiseme hiyo ni mbali. Mumias Sugar iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, na huku magharibi ilikuwa fahari yetu. Sukari tunaijua, miwa tunaiona barabarani, malori tunayapita kila siku. Kuna wazee walionunua hisa zile kama mtu anayenunua ng'ombe wa kienyeji: unamjua mama yake, unamjua bibi yake. Mnamo Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu. Ukiwa mfanyakazi, mshahara wako tayari unategemea kampuni moja. Akiba yako usiifunge kwenye kamba hiyohiyo.

Ile asilimia moja inayonyamaza

Rudi kwenye ile hesabu ya milioni 5.49. Tukitoa asilimia moja tu kwa mwaka kwa ajili ya ada, yaani faida ishuke kutoka 9 hadi 8, binamu yangu anabaki na takriban milioni 4.47. Asilimia moja imekula zaidi ya milioni moja. Hakuna SMS utakayopata siku hiyo inakatwa.

Ada si wizi. Meneja analipwa, benki inalipwa, msimamizi analipwa. Lakini lazima ujue ni ngapi. Na mahali pa kuuliza pameshatengwa: mpango wa kustaafu unatakiwa kuwa na mkutano wa wanachama kila mwaka, na wewe unatakiwa kupewa taarifa ya akaunti yako kila mwaka. Kwenye mikutano hii watu huja kwa ajili ya soda na kofia, nami nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nauliza maswali mawili: tumepata faida gani baada ya ada kwa miaka mitano iliyopita, na mfumko wa bei ulikuwa ngapi. Miaka mitano, si mmoja. Mwaka mmoja mzuri kila mtu anao.

Na hiyo taarifa isome. Mwajiri wangu wa kwanza, ambaye sitamtaja, alinikata miezi minne na pesa haikufika popote. Karatasi ya mshahara ilionyesha makato vizuri kabisa. Niligundua nilipoangalia taarifa ya NSSF kwenye simu na kukuta miezi ile ina sifuri. Tulizungushana karibu mwaka mzima kabla hazijalipwa. Tangu siku hiyo, kila baada ya miezi mitatu nalinganisha karatasi ya mshahara na taarifa. Inachukua muda wa kunywa chai.

Vitu unavyochagua hata bila fomu

Cha kwanza ni kuongeza. Mpango wa kampuni hukuruhusu kutoa mchango wa ziada wa hiari. Tangu Desemba 2024, michango ya pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi haihesabiwi kwenye mapato yanayotozwa kodi; zamani kikomo kilikuwa 20,000. Kama kipande cha juu cha mshahara wako kinatozwa asilimia 25, ukiongeza 1,000 kwenye pensheni, mfukoni unapungukiwa 750 tu. Zile 250 zingeenda KRA.

Cha pili ni kutochukua. Hapa ndipo roho inauma, na sitajifanya mtakatifu. Ukiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, sheria inakuruhusu kuchukua sehemu ya akiba, na nyingine inabaki imefungwa. Kisumu nzima unajua sehemu hiyo inaenda wapi: bodaboda, ploti, ada ya shule, matanga. Mengine ni ya lazima kabisa, na mtu aliye na mgonjwa Russia hawezi kuambiwa habari za mwaka 2055. Lakini kama huna dharura, unaweza kuihamisha yote kwenye mpango wa mwajiri mpya au kwenye mpango wa mtu binafsi. Ukianza upya ukiwa na miaka 40, shilingi 3,000 zilezile kwa faida ileile ya asilimia 9 zinafika milioni 2 tu ukiwa na 60. Miaka kumi ya mwanzo ilikuwa na thamani ya milioni tatu na nusu, ingawa ndiyo miaka ambayo akaunti huonekana ndogo na ya kudharaulika.

Cha tatu, kama huna mwajiri kabisa. Mama anayeuza nguo Kibuye na fundi wa pikipiki Kondele hawana HR wa kuwaletea fomu. Mwaka 2011 ulianzishwa mpango wa Mbao kwa ajili ya watu wa jua kali, wa kuweka shilingi 20 kwa siku kwa simu. Jina lenyewe linakuambia, maana nani hajui mbao ni ngapi? NSSF nayo ina Haba Haba, shilingi 25 kwa siku. Kampuni za bima na za uwekezaji pia zina mipango ya watu binafsi, na hapo wewe ndiwe mdhamini wako mwenyewe: unachagua kampuni, mara nyingi unachagua na mfuko. Kabla ya kutuma hata shilingi, hakikisha jina la mpango liko kwenye orodha ya RBA. Mchango wa simu una uzuri mmoja, unaweza kuuweka uende wenyewe siku mshahara au mauzo yanapoingia, kabla hujakutana na rafiki zako.

Na kwa sababu tunaongea habari za simu: hakuna mpango wa pensheni, wala NSSF, wala sisi, utakaokupigia kukuomba PIN ili "tufungue mafao yako". Wanaofanya hivyo wanapenda sana kuwapigia waliostaafu juzi. Kata simu, halafu mweleze mzazi wako pia, maana yeye ndiye anayetafutwa.

Siku ya mwisho ya fomu

Binamu yangu hakukubali yote niliyosema. Aliniuliza, "Na kama hiyo ukuaji yako ikianguka mwaka kesho, utakuja kunilipia?" Swali zuri, nami sikuwa na jibu la kujigamba. Nilimwambia ikianguka mwaka kesho, yeye aendelee kuchangia na asiifungue taarifa kwa hasira. Akanyamaza, akageuza omena.

Tulikubaliana kwa njia yake. Ana watoto wawili na mume ambaye kazi yake ni ya vibarua, kwa hiyo aliona ukuaji ungemkosesha usingizi. Akachagua wastani, baada ya kuangalia na kukuta una hisa kama theluthi hivi. Mimi ningechagua ukuaji. Lakini pesa ni zake, na mfuko ambao utaukimbia kwenye mwaka mbaya wa kwanza haukufai hata ukiwa bora kwenye karatasi.

Jumatatu alipeleka fomu mpya, maana ile ya kwanza ilikuwa na mafuta na hesabu zangu nyuma. Yule mama wa HR akamwambia mabadiliko yataanza robo ijayo, na kwamba anaweza kubadilisha tena mara moja kwa mwaka bila malipo. Hilo lilikuwa limeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, na mimi mwenye digrii sikuliona.

Wakati wa chakula cha mchana alimweleza mzee wa stoo. Mzee hakubadilisha kitu, lakini alimuuliza kitu ambacho hajawahi kumuuliza mtu: mpango wao ni ule wa kupewa pesa zote kwa mara moja, au ni ule wa kupewa theluthi moja mkononi na nyingine kidogo kidogo kila mwezi? Amebakiza miaka mitatu na hajui. Wiki hii wanaenda wote wawili kuuliza.